Kutumia ushahidi wa kitafiti wodini: mwongozo kwa muuguzi anayeanza, kwa mfano wa kanula

Maswali ninayoulizwa na wauguzi wapya, na hata wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, yanafanana: "Huo uuguzi wa kuzingatia ushahidi nauanzia wapi? Lazima niwe na shahada ya pili? Utafiti uliofanyika ng'ambo unanihusu nini mimi niliye hospitali ya wilaya, wodini wagonjwa wanalala wawili wawili?" Nimeandika mwongozo huu ili nikiulizwa tena niwe na cha kukupa mkononi. Shahada ya pili haihitajiki. Unahitaji swali moja, simu, mwenzako mmoja wa kushirikiana naye, na subira ya wiki kadhaa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kanula ya mshipani, yaani kile kijimrija kinachoingizwa kwenye mshipa ili kupitishia dawa na maji. Nimeichagua kwa sababu kila wodi inazo, kuiangalia ni kazi ya muuguzi mwenyewe, na hospitali nyingi zina kanuni ya lini ibadilishwe: ikifika saa 72, toa, weka nyingine. Ukiuliza kwa nini saa 72, jibu la kawaida ni kwamba ndivyo tulivyofundishwa.

Na kama unajiuliza kwa nini tusiendelee tu na tulivyofundishwa, fikiria kilichotokea kwenye wodi za watoto za hapa hapa kwetu. Kwa miaka mingi mtoto aliyefika na homa kali na mzunguko wa damu ukiwa dhaifu alifunguliwa maji ya mshipani, mengi na kwa haraka. Hakuna aliyebisha. Kisha ukafanyika utafiti wa FEAST nchini Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye hospitali kama Kilifi, Mulago na Muheza, ukachapishwa mwaka 2011. Ulihusisha watoto 3,141. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, kama 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa, walifariki 7. (Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo usiwachanganye.) Wauguzi waliokuwa wakifungua zile dripu miaka yote hiyo walikuwa wanaokoa maisha kwa moyo wao wote, kama wewe unavyofanya leo. Moyo mzuri haukutosha kuonyesha kwamba maji yale yanadhuru. Ilibidi mtu apime.

Nadharia yenyewe ni fupi. Uamuzi mzuri wa kiuguzi unasimama juu ya mambo matatu kwa pamoja: utafiti bora uliopo, ujuzi wako wa kazi, na hali na matakwa ya mgonjwa aliye mbele yako. Likikosekana moja, hicho unachofanya ni kitu kingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo la mfukoni. Simu inafaa, lakini wodini daftari halikufanyi uonekane unachati.
- Simu au kompyuta yenye intaneti, hata kwa saa moja au mbili tu kwa wiki.
- Nakala ya mwongozo wa matibabu wa nchi yako. Tanzania ni ule wa Wizara ya Afya unaokwenda pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kwa watoto Kenya, ni ule wa wizara wa huduma za msingi za watoto. Ipakue faili nzima uiweke kwenye simu, usitegemee mtandao wa wodini.
- Nywila ya HINARI kama hospitali au chuo chenu kimesajiliwa. Huu ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Muulize mkutubi au mtu wa TEHAMA. Taasisi nyingi zimesajiliwa na wauguzi hawana habari.
- Mwenzako mmoja, ikiwezekana wa zamu tofauti na yako.
- Ridhaa ya muuguzi msimamizi wa wodi. Ya mdomo inatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 1: Andika linalokukera

Kwa wiki moja, kila unapofanya jambo ukajiuliza "hivi hii ina faida?", liandike kwa sentensi moja. Usitafute jibu. Mwisho wa wiki chagua moja, na lichague kwa vigezo hivi: linatokea kila siku, liko ndani ya mamlaka ya muuguzi, na linaweza kuhesabika.

Kosa la kawaida hapa ni kuchagua jambo kubwa mno. "Jinsi ya kupunguza vifo wodini" si swali la kuanzia. "Kanula ibadilishwe lini" ni swali la kuanzia.

Onyo: usichague jambo linalogusa dozi ya dawa au amri ya daktari kama zoezi lako la kwanza. Ukiona dozi ina walakini, hiyo ni taarifa ya leo leo kwa daktari wa zamu, haiwi mradi wa wiki sita.

Hatua ya 2: Lipange swali

Ligawe vipande vinne: ni mgonjwa yupi, tunamfanyia nini, badala ya nini, na tunataka matokeo gani. Kwa kanula yetu linakuwa hivi:

Kwa mgonjwa mtu mzima aliyelazwa (nani), kuibadilisha kanula pale tu inapoonyesha dalili (nini), badala ya kuibadilisha kila saa 72 (badala ya nini), kunaongeza kuvimba kwa mshipa au maambukizi ya damu (matokeo)?

Kipande kinachosahaulika zaidi ni cha kwanza. Ukiandika "mgonjwa" bila kusema mtu mzima au mtoto mchanga, utasoma tafiti za watu wasio wako.

Hatua ya 3: Tafuta, kwa mpangilio huu

Wengi wanakimbilia Google, wanasoma ukurasa wa kwanza uliotokea, basi. Wengine wanaruka moja kwa moja kwenye tafiti moja moja na kuzama humo. Fuata ngazi hii, na ukipata jibu zuri kwenye ngazi ya juu huna haja ya kushuka hadi chini.

Kwanza mwongozo wa nchi yako. Kama umelijibu swali, na umejibu kwa toleo la karibuni, kazi yako ni kuhakikisha wodi inaufuata. Pili miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo inapakuliwa bure. Tatu maktaba ya Cochrane, ambako watafiti hukusanya majaribio yote yaliyofanyika kuhusu swali moja na kuyapima kwa pamoja. Hata usipoweza kufungua ripoti nzima, muhtasari kwa lugha nyepesi uko wazi kwa kila mtu. Mwisho PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, kwa tafiti moja moja.

Utatafuta kwa Kiingereza, hilo halikwepeki. Tumia maneno machache mazito kutoka kwenye vipande vyako vinne, usiandike sentensi nzima. Kwa swali letu, haya yanatosha: *peripheral catheter replacement clinically indicated*. Kwenye PubMed kuna kichujio cha makala zinazosomeka bure nzima nzima. Kibonyeze kabla hujaanza kukata tamaa.

Ukitafuta hivyo utakutana na vitu vinne. Mwongozo wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2011 unasema kwa watu wazima hakuna haja ya kubadilisha kanula mara nyingi zaidi ya kila saa 72 hadi 96, na kwa watoto ibadilishwe panapokuwa na sababu tu. Soma tena maneno hayo: "hakuna haja ya mara nyingi zaidi ya". Hayasemi "lazima ifikapo saa 72". Nahisi kanuni yetu ya ukutani ilizaliwa kutokana na maneno ya namna hii, yakabadilika yalipopita midomoni mwa watu.

Cha pili ni jaribio la Queensland, Australia, lililochapishwa 2012. Cha tatu ni mapitio ya Cochrane ya 2019, yaliyokusanya majaribio 9 yenye wagonjwa 7,412. Cha nne ni utafiti wa Geneva wa 2021, ambao unaonekana kupingana na hivyo viwili. Tutavisoma.

Hatua ya 4: Soma ukiwa na maswali matano

Usianze na utangulizi, na usiende mbio kwenye hitimisho la mwandishi. Anza na sehemu ya mbinu, kisha majedwali. Jiulize:

*Walipangwaje?* Jaribio ambalo wagonjwa wamegawanywa kwa bahati nasibu lina nguvu kuliko kulinganisha mwaka jana na mwaka huu, kwa sababu kati ya mwaka jana na huu mengi hubadilika wodini.

*Ni akina nani?* Queensland walichukua watu wazima waliotarajiwa kuhitaji kanula zaidi ya siku 4. Mtoto mchanga wako hayumo. Tafuta pia orodha ya waliotengwa. Mara nyingi inaeleza zaidi kuliko orodha ya waliochukuliwa.

*Namba zenyewe zinasemaje?* Hapa usiogope. Huko Queensland, kundi la kubadilisha kwa dalili lilikuwa na watu 1,593, na waliovimba mshipa walikuwa 114. Kundi la kubadilisha kwa ratiba lilikuwa na watu 1,690, na waliovimba walikuwa 114. Gawanya kwa kikokotoo cha simu: pande zote mbili ni karibu asilimia 7. Hapo umeshasoma takwimu. Hukuhitaji fomula.

*Walifanya nini kingine ambacho sisi hatufanyi?* Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, linamtofautisha muuguzi anayetumia utafiti na yule anayeunukuu. Mapitio ya Cochrane yanasema kubadilisha kwa dalili hakuonyeshi tofauti ya wazi kwenye maambukizi ya damu wala kuvimba kwa mshipa, na kunapunguza gharama. Lakini watafiti hao hao wanashauri sehemu ya kanula ikaguliwe kila zamu inapobadilishana, na kanula itolewe mara inapoonyesha wekundu, uvimbe, kuziba, au inapokuwa haihitajiki tena. Matokeo yale yanategemea ukaguzi huo. Ukiondoa ratiba ya saa 72 kwenye wodi ambayo hakuna anayekagua, hujatekeleza utafiti. Umeondoa ulinzi pekee uliokuwepo.

Na ndiyo maana Geneva inafaa kusomwa. Hospitali kubwa ya pale iliacha ratiba ikahamia kwenye kubadilisha kwa dalili. Maambukizi ya damu yakaongezeka, wakarudisha ratiba, yakapungua. Si jaribio la bahati nasibu, kwa hiyo halifuti majaribio 9. Lakini linatuambia kwamba kinachofanya kazi chini ya macho ya watafiti kinaweza kulegea kinapoachiwa hospitali nzima ikiendeshe siku hadi siku.

*Je, ni mahali kama kwetu?* Hapa usikatae utafiti kwa sababu ya bendera tu, na usiukubali kwa sababu hiyo pia. Kitovu cha mtoto mchanga ni fundisho zuri. Majaribio ya Nepal, Bangladesh na Pakistani yalionyesha kwamba kupaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kitovuni kunapunguza vifo vya watoto. Ukafanyika utafiti Pemba, watoto zaidi ya 36,000, ukachapishwa 2016: tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Zambia nao hawakuona faida hiyo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2022, linashauri kitovu kiwe safi na kikavu, na klorheksidini ibaki kwa maeneo ambako watu hupaka kitovuni vitu vyenye madhara kama kinyesi cha wanyama. Wapemba walipimwa, na jibu lao likaingia kwenye mizani ya dunia.

Onyo: ukurasa wa muhtasari peke yake haukutoshi kubadilisha huduma. Unakutosha kuamua kama makala inafaa kutafutwa.

Hatua ya 5: Pima wodi yako kabla hujabadilisha chochote

Wanaoanza wanairuka hatua hii kwa sababu wana hamu ya kubadilisha. Usiiruke. Bila namba za mwanzo hutaweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba kitu kimebadilika, hata wewe mwenyewe hutajua.

Chukua karatasi, chora jedwali, pita kwenye kanula 30 zilizomo wodini ndani ya siku mbili au tatu. Safu ziwe hizi:

- namba ya kitanda (usiandike jina la mgonjwa)
- tarehe na saa ya kuwekwa, kama imeandikwa kwenye plasta. Kama haipo, andika "haipo"
- ilipo: kiganjani, mkononi, kwenye kiwiko, mguuni
- maumivu ukigusa, wekundu, uvimbe, mshipa kuwa mgumu
- plasta: safi na kavu, au imelowa, imebanduka
- imetumika ndani ya saa 24 zilizopita: ndiyo au hapana

Osha mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ukikuta mkono umevimba, acha karatasi, toa kanula, mwambie anayemhudumia. Mgonjwa hasubiri tathmini yako iishe.

Safu ya mwisho ndiyo ninayokuomba uitazame sana. Kanula inayokaa mkononi kwa sababu tu hakuna aliyeitoa, dawa zimeshahamia za kumeza tangu juzi, ni mlango wa vijidudu usio na kazi. Hapo hakuna ubishi wa Queensland na Geneva. Pande zote zinakubaliana: isiyohitajika itoke. Kwa wodi nyingi, faida ya kwanza iko hapa, kwenye kanula zilizosahaulika, kabla hata hujagusa suala la saa 72.

Kosa la kawaida: kutumia kanula 30 kudai umepunguza maambukizi ya damu. Maambukizi hayo ni machache kiasi kwamba hesabu ndogo kama hii haiwezi kuyaonyesha. Kinachopimika ni mwenendo wetu: zenye tarehe ni ngapi, zisizo na kazi ni ngapi, zenye dalili ambazo hakuna aliyeziandika kwenye faili ni ngapi.

Hatua ya 6: Peleka kwa wenye dhamana

Ukurasa mmoja: swali, ulichosoma kwa mistari mitano, namba za wodi, na unachoomba kujaribu. Anza na msimamizi wa wodi, halafu metroni au patroni, na kamati ya kuzuia maambukizi. Kama hospitali yenu ina timu ya uboreshaji huduma, ile inayoshughulika na 5S na Kaizen (mbinu za kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi kidogo kidogo), pitia huko. Wana utaratibu, na mara nyingine wana hata karatasi na wino.

Epuka kuanza kwa "tunakosea". Anza kwa namba. "Tumekagua kanula 30, kumi na moja hazikuwa na tarehe" (weka namba yako ya kweli) ni sentensi ambayo haimtuhumu mtu.

Kipimo cha ndani cha kuboresha huduma ni jambo moja, utafiti wa kuchapisha ni jingine. Ukitaka kuchapisha, kibali cha maadili kinatangulia: Tanzania kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya taasisi yako, Kenya kupitia kamati ya maadili ya taasisi na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Hatua ya 7: Jaribu kwa udogo

Wiki mbili hadi nne, chumba kimoja au upande mmoja wa wodi. Kwa kanula, jaribio langu la kwanza lingekuwa hili, na ratiba ya saa 72 ningeiacha kama ilivyo:

1. Kila kanula inapowekwa, tarehe, saa na jina fupi la aliyeiweka vinaandikwa kwenye plasta.
2. Kila makabidhiano ya zamu, anayepokea anaitazama, anaigusa juu ya plasta, na anamuuliza mgonjwa kama inauma. Nusu dakika kwa mgonjwa.
3. Kila asubuhi kwenye raundi, muuguzi anauliza kwa sauti: "Daktari, huyu bado anaihitaji kanula?"

Ukaguzi ukishakuwa imara zamu zote, na usiku pia, ndipo ulipeleke kamatini suala la kuachana na ratiba kwa watu wazima. Kinyume chake, ukiondoa ratiba kwanza, umejenga paa kabla ya ukuta.

Huenda unaona hii ni kazi ndogo mno kuitwa matumizi ya utafiti. Basi tazama E-MOTIVE, utafiti wa kutokwa na damu baada ya kujifungua uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa 2023. Kilichobadilika kilikuwa mfuko wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukadiriwa kwa macho, na hatua za matibabu kufanywa zote kwa pamoja badala ya moja moja kwa kusubiriana. Wanawake waliotokwa na damu nyingi ya kutisha, au kufikwa na upasuaji au kifo kwa ajili yake, walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na huduma ya kawaida. Waliofanya kazi hiyo kila siku walikuwa hasa wakunga.

Hatua ya 8: Mshirikishe mgonjwa

Mwambie kwa lugha yake: "Mama, hii kanula ikianza kuuma, kuwasha au mkono kuvimba, usinyamaze, niite mimi au mwenzangu yeyote. Usiogope kutusumbua." Mgonjwa na ndugu anayemuuguza wapo na huo mkono saa 24, wewe upo nao dakika chache. Na mzee akikuambia hataki achomwe tena kiganjani kwa sababu hicho ndicho anachotembelea na mkongojo, hilo nalo ni jambo la kupima. Tafuta mshipa wa mkono mwingine.

Hatua ya 9: Pima tena, kwa karatasi ile ile

Kanula 30 tena, safu zile zile, na ikiwezekana akague mwenzako badala yako, maana jicho la mwenye mradi huona anachotaka kuona. Weka namba mbili tu kwenye ubao wa wodi: kabla na sasa. Kama hakuna kilichobadilika, ziandike vile vile. Halafu keti na wenzako muulizane kilichokwama ni nini.

Hatua ya 10: Iingize kwenye utaratibu

Kilichofanya kazi kiandikwe kwenye utaratibu wa wodi, kiingie kwenye fomu ya makabidhiano, na kifundishwe kwa kila mgeni anayeanza wodini. Kikibaki kichwani mwako, siku ukihamishwa kinaondoka na wewe. Andika pia tarehe ya kukipitia upya, mwaka mmoja mbele unatosha, kwa kuwa ushahidi hubadilika.

Mambo yanapokwama

*Intaneti hakuna au bando limeisha.* Kusanya maswali kwenye daftari, nenda nayo maktaba ya chuo cha karibu mara moja kwa mwezi, pakua kila kitu kwa mkupuo. Kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi wa wodi tuma faili yenyewe. Kiungo kitawatafuna bando wote.

*Makala inadai malipo.* Jaribu HINARI, kisha angalia PubMed kama kuna nakala huru ya makala hiyo. Ikishindikana, mwandikie mwandishi kwa barua pepe iliyo kwenye muhtasari. Watafiti wengi hutuma kwa furaha. Usilipe.

*Tafiti mbili zinapingana.* Rudi kwenye maswali matano, hasa la kwanza na la nne. Mara nyingi utakuta hazipingani. Zimepima wodi zenye uangalizi tofauti. Zikibaki zinapingana kweli, shika njia yenye madhara madogo kwa mgonjwa na uendelee kukagua.

*Wenzako wakongwe hawataki.* Dada aliyefanya kazi miaka ishirini amekwisha kuona miradi mingi ikija na kuondoka, na kila mmoja ulimwachia fomu ya kujaza. Muulize kwanza yeye anaonaje, umpe karatasi akague kitanda chake mwenyewe. Na kama unaleta fomu mpya, ondoa ya zamani moja.

*Daktari amekataa.* Omba sababu, iandike, kaitafute. Huenda anajua jambo ambalo hujalisoma. Jambo la usalama wa mgonjwa lipeleke ngazi ya juu kwa utaratibu, wala usilifanye kwa siri.

*Vifaa vimeisha.* Kama plasta au kitakasa mikono hakuna, andika tarehe na saa vilivyokosekana kwenye karatasi ile ile ya ukaguzi. Hapo karatasi yako inakuwa ushahidi wa kuombea vifaa, na mfamasia au mganga mfawidhi anapata cha kupeleka mbele.

*Muuguzi mmoja, wagonjwa arobaini.* Usijaribu kukagua wote. Anza na walio kwenye hatari zaidi: wenye kanula mguuni au kwenye kiwiko, wenye dawa zinazounguza mshipa, wasioweza kusema kwamba inauma. Mgonjwa aliyepoteza fahamu awe wa kwanza kila zamu.

*Zamu ya usiku haifanyi.* Kwa kawaida ni kwa sababu taa ni hafifu na hakuna aliyewashirikisha. Nenda usiku mmoja ukae nao, ukague nao kwa tochi ya simu, uwaulize wangependa ifanyike saa ngapi. Ukaguzi wa saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa vipimo vya joto na presha, huwa rahisi kwao kuliko wa saa nane ya usiku.